Gia ya Kwanza kwenye Mlima wa Kalvari

Jumatatu, 9 Septemba

Nimelitoa gari bandani. Mchana kweupe, katikati ya uwanja, mbele ya kila mwenye macho hapa kijijini Szőlőskút. Nilidhani nitapigiwa makofi.

Gari ni la marehemu baba mkwe wangu. La mwaka 1932, kijani kibichi, halina paa, taa zake kubwa kama masufuria. Ndilo lililompeleka mke wangu Etelka kanisani siku tulipooana, baba yake akiwa kwenye usukani. Binti yetu Réka anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na tangu utotoni amekuwa akisema atapanda hilo hilo. Dereva ni nani? Baba mkwe yuko makaburini. Basi ni mimi.

Shida ni gia. Magari ya siku hizi yana kidude ndani kinachoyapatanisha meno ya gia kabla hayajakutana. Hili halina. Meno yanakutana uso kwa uso, kama majirani wenye kesi ya mpaka. Nilipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, pale mbele ya duka la mikate, ulitoka mlio kama mtu anayekokota kitanda cha chuma juu ya mawe. Njiwa wote wa paa la posta wakaruka. Padri alitoka nje ya nyumba yake na kitambaa cha kulia chakula bado kiko shingoni.

Na nani alikuwa amekaa nje ya mgahawa anakunywa kahawa? Ottokár Vermes, daktari wa meno, baba wa bwana harusi. Naye ana gari lake la zamani, jeupe, lisilo na paa vilevile, lakini ni la miaka ya sitini, na gia zake zinaingia kama kijiko kwenye malai. Aliniambia kwa upole (na upole wake ndio unaonichoma) kwamba yeye akisikia meno yanalia namna ile, huyang'oa. Mgahawa mzima ulicheka. Kisha akaongeza kwamba gari lake liko tayari kumbeba bibi harusi, hiari yangu.

Nikamjibu kwa sauti ya kufika hadi sokoni. Nikasema nitampandisha binti yangu Mlima wa Kalvari hadi kanisani mimi mwenyewe, kwa gari hili, bila mlio hata mmoja.

Kwa nini nilisema "bila mlio"? Hakuna aliyeniuliza habari ya mlio!

Jumatano, 11 Septemba

Nina mpango. Daktari Hajnalka, aliyetibu watoto wa vijiji vyote vya hapa hadi uzee ukamstaafisha, alifanya mizunguko yake kwa gari la aina hii hii, kwenye theluji na kwenye matope. Anajua. Lakini haifai kijiji kujua kwamba najifunza. Kwa hiyo nilikwenda kwake nikichechemea, nikadai goti linaniuma.

Aliligonga goti. Akasema goti ni zima, yanayouma ni masikio, na si yangu, ni ya kijiji. Akavaa kofia yake akaniuliza gari nimeliacha wapi.

Tukaenda barabara ya bondeni. Kwa maneno si kazi kubwa. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unangoja injini itulie, unakanyaga tena, unaingiza. Ukitaka kushuka gia ni hivyo hivyo, ila pale katikati unapiga mafuta kidogo ili injini iinuke. Klachi mara mbili kwa kila gia. Na usilazimishe, alisema, usikilize tu, gari litakuambia lini. Nikamuuliza litaniambia kwa lugha gani. Hakucheka.

Akaendesha yeye. Gia ziliingia kama paka anavyoingia jikoni. Kisha nikaendesha mimi. Baada ya kona ya pili aliomba nimshushe kwenye kituo cha basi.

Hata hivyo alisema nirudi kesho, na keshokutwa, na kila siku hadi harusi. Kila siku! Mimi nimeitafakari mbinu yake jioni hii na nimeona kasoro: ina vitendo vingi mno. Nimeipunguza. Klachi mara moja, mkono wa haraka. Siri yote ni haraka. Meno hayawezi kulalamika kama hayakupewa nafasi.

Ijumaa, 13 Septemba

Mbinu yangu imejaribiwa.

Barabara ya kwenda kanisani inapanda Mlima wa Kalvari kati ya vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba, na mwinuko wake ni kama paa la nyumba. Gia ya pili inakufikisha kituo cha tatu, hapo inaishiwa pumzi. Sharti ushuke gia ya kwanza huku gari linakwenda, maana ukisimama, breki ya mkono haishiki. Kituo cha tatu ndipo Bwana wetu anapoanguka mara ya kwanza. Nami nikaanguka papo hapo. Klachi, mkono wa haraka, mlio, halafu kitu kikagonga ndani. Kak. Kama jiwe kwenye wali.

Fundi Zente alifungua giaboksi, akatumbukiza sumaku kwenye oili, akatoa jino. Akaniwekea kiganjani. Gia ya kwanza, alisema baadaye, bado inaingia, lakini meno yake yamekwisha. Ikipata uzito mlimani itachomoka yenyewe. Spea hiyo haiuzwi popote, ni ya kuchongesha, na mchongaji ana kazi hadi Krismasi.

Kisha akaniuliza kwa nini sikuanza na gia ya kwanza toka chini, nikapanda nayo moja kwa moja hadi juu bila kubadili kitu.

Swali zuri. Lingefaa zaidi jana.

Nilimsihi asimwambie mtu. Aliapa. Kabla sijafika nyumbani Ottokár alinipigia simu kuuliza kama jino limetoka zima au limeacha mzizi.

Jumapili, 15 Septemba

Chakula cha mchana kwetu, familia zote mbili. Supu ya samaki yenye pilipili nyekundu, maandazi ya jibini, mvinyo na soda. Ottokár alikula bakuli mbili, akamsifu Etelka, akamsifu samaki, na kabla hajameza tonge la mwisho akasema gari lake amelisafisha viti, endapo litahitajika.

Nikasema halitahitajika.

Hapo Etelka akaweka kijiko chini. Akasema mbele ya wote kwamba amechoka na mashindano ya wazee. Kabla ya Alhamisi nimwonyeshe gari la baba yake liko juu ya mlima, mbele ya mlango wa kanisa, limefika kwa magurudumu yake. Nikishindwa, Réka atapanda gari la Ottokár na neno hilo lisisikike tena nyumbani humu. Nilikubali. Ningefanyaje, na Ottokár anatikisa kichwa kwa huruma namna ile?

Réka alinifuata jikoni kufuta sahani.

"Baba, hata tukipanda kwa miguu, kwangu ni sawa."

"Na viatu vyako vyeupe?"

"Nitavivua. Nataka tufike pamoja, mimi na wewe. Basi."

Alivyoniangalia ni vile mama yake anavyoniangalia nikishika nyundo. Nimeguswa sana. Ni wazi mtoto analitaka gari kufa na kupona, ila anaona haya kusema.

Jumanne, 17 Septemba

Akili ni nywele! Etelka alisema nimwonyeshe gari juu ya mlima. Hakusema limepita wapi!

Nyuma ya mlima kuna njia ya shambani, ndani ya mizabibu ya mzee Bencze. Mwinuko wake ni mpole, gia ya pili inatosha mwanzo hadi mwisho, huna haja ya kugusa kitu. Upana wake, ni kweli, ulikusudiwa mkokoteni. Nilipita asubuhi wavunaji wakinywa chai. Kuna mahali nilisikia vitu vikikatika, lakini havikuwa vya gari, kwa hiyo sikusimama.

Nilipofika mlangoni pa kanisa nikampigia Etelka. Alipanda kwa miguu akihema, akanikuta nimeegemea boneti napiga mluzi. Akalizunguka gari. Kwenye bampa ya mbele kilikuwa kimening'inia kichala cha zabibu. Akakitoa, akakaa juu ya ukuta, akakila punje moja moja huku ananitazama. Alikimaliza chote.

"Umepanda, basi," akasema. "Vizuri. Jumamosi watu wote watakuwa nyuma yako, na hapa watafika kwa barabara ya Kalvari."

Nimeshinda. Sijui kwa nini nasikia baridi mgongoni.

Alhamisi, 19 Septemba

Bencze ameiona mizabibu yake. Ameweka mnyororo, kufuli na mbwa. Amesema hata askofu akija atazunguka.

Kwa hiyo ni Kalvari, na gia ya kwanza yenye meno ya bibi kizee. Lakini nilikaa nikawaza: ikiwa gia inachomoka, si ifungwe? Nikachukua mikanda ya mabegani ya suti yangu ya harusi, ile myekundu inayovutika, nikaufunga mti wa gia kwenye mguu wa kiti. Nikaanza gia ya kwanza toka chini, kama Zente alivyosema. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba sisikii ushauri.

Kituo cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu nikaanza kuimba. Cha nne mikanda ikakatika, ncha moja ikanichapa sikio, gia ikachomoka, gari likaanza kurudi. Breki zinashika, zinaachia, zinashika. Nilishuka kinyumenyume hadi uwanjani, nikapita kati ya meza za mgahawa, nikauzungusha usukani, gari likageuka na kusimama, pua kwenye chemchemi, mgongo kuelekea mlimani. Ottokár alikuwa pale. Alinyanyua kikombe chake cha kahawa nipite, kisha akakirudisha mahali pake.

Hakusema kitu. Hata la meno hakusema. Ndipo nilipojua mambo yamekuwa mabaya.

Nilikaa kwenye gari muda mrefu. Nilitoa simu. Nilitafuta jina la Réka, nikalitazama. Nilikuwa nimepanga maneno: mwanangu, panda la Ottokár, baba yako atafuata kwa miguu. Maneno mepesi. Nikairudisha simu mfukoni. Nilimkumbuka akiwa na miaka saba amekaa kwenye kiti cha nyuma bandani, kavaa pazia la jikoni kichwani, ananiamuru nipige honi.

Mwenye mgahawa alikuja akaniomba niliondoe gari, maana linaziba meza. Mbele kuna chemchemi. Nikaingiza rivasi.

Iliingia bila hata kukohoa. Na gari likaenda nyuma, nami nikiwa na mawazo yangu, na nilipozinduka nilikuwa nimefika kituo cha pili, napanda, injini inanguruma kwa raha kama imeshiba. Rivasi! Gia fupi kuliko zote, yenye nguvu kuliko zote, na meno yake mapya kabisa, kwa sababu hakuna aliyeyatumia, baba mkwe alikuwa mtu wa kwenda mbele.

Sijamwambia mtu. Nimenunua mikanda mingine. Hii ni ya suruali tu.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika na soksi zimelowa, lakini nitaandika yote.

Mchana watu walikusanyika uwanjani. Bendi ya kijiji, wapambe, shangazi wa pande zote. Réka alikaa kiti cha nyuma, na mimi baba yake sina maneno ya kueleza alivyokuwa. Etelka alikaa mbele, kando yangu. Nyuma yetu Ottokár na mkewe katika gari jeupe, na nyuma yao watu kwa miguu.

Nikaliwasha gari, nikaligeuza polepole, mgongo ukaelekea mlimani, pua ikaelekea kwa wageni. Minong'ono ikaanza. Ottokár alisimama garini mwake akaninyooshea kidole kuonyesha mlima uko upande gani.

"Lőrinc," akasema Etelka. Jina tu.

Nikaingiza rivasi. Hapakuwa na mlio. Narudia kuandika: hapakuwa na mlio!

Sasa, anayerudi nyuma hatazami mbele. Nilitupa mkono juu ya kiti, nikageuka, na barabara yangu yote ilikuwa inapita kando ya uso wa binti yangu.

"Baba, tunarudi nyumbani?"

"Tunapanda kanisani."

Akageuka akatazama mlima, akanitazama mimi, akaelewa. Alicheka hadi maua yakamwangukia mapajani. Kisha akashika kazi. Akakunja shela yake begani, akapiga magoti kwenye kiti, akawa anatazama mlima na kuniambia kulia kidogo, hapo hapo, sasa kona, polepole. Bendi chini haikujua ipige nini. Ikapiga wimbo wa mavuno.

Kwenye kituo cha tatu alikaa tena. Nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Usiniangalie mimi, baba. Angalia barabara."

"Wewe ndiye uko barabarani."

Etelka alinishika goti hapo, lile zima. Alisema siku yake yeye hakumwona baba yake njia nzima, aliona kisogo na kofia.

Mbele yangu, yaani nyuma yetu, Ottokár alinifuata pua kwa pua, taa zetu zikitazamana. Tulikwenda mwendo wa maandamano ya mazishi. Gari lake zuri halikuzoea mwendo huo, naye alikuwa analishikilia kwa klachi mlima mzima, kidogo kidogo, asinigonge. Ilianza harufu. Kisha moshi. Kwenye kituo cha tisa, ambapo Bwana wetu anaanguka mara ya tatu, Ottokár alianguka mara ya kwanza. Vijana wa bendi waliweka tarumbeta chini wakalisukuma gari pembeni. Alipanda sehemu iliyobaki kwa miguu, kofia mkononi, anatoka jasho. Nilitaka kufurahi zaidi ya nilivyofurahi.

Tulipofika mlangoni Réka alifika kabla ya gari lenyewe, kwa sababu kiti cha nyuma kilitangulia. Bwana harusi, Bálint, alikuwa anasubiri na padri, na wote wawili walikuwa wameacha midomo wazi. Réka alinibusu shavuni, akaniambia sikioni kwamba siku alipovaa pazia la jikoni hakuota vizuri hivi.

Sikuweza kushuka garini papo hapo. Nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Baadaye ngoma, kabichi iliyojazwa nyama, keki ya ghorofa. Ottokár alikuja na chupa ya pombe kali ya tunda la aprikoti, ya kwao, akanimiminia, akakaa. Akaniambia klachi yake imekwisha. Nikamwambia gia yangu ya kwanza imekwisha. Tukanywa kuwakumbuka marehemu hao wawili. Soksi zililowa baadaye kidogo, kwenye chemchemi, na hilo halihusiani na gari.

Jumanne, 24 Septemba

Daktari Hajnalka alipita asubuhi. Hakutaka kuingia. Alisema kwa kuwa sasa hakuna haraka ya harusi, na Zente ameishusha giaboksi, tungetumia gari la mpwa wake, saa moja kila alasiri, na kufika Krismasi nitakuwa nabadili gia kama mtu. Nilimshukuru kwa heshima zote. Nilimweleza kwamba mtu aliyempandisha bibi harusi Kalvari kwa kinyumenyume, bila mlio, hawezi kurudi darasa la kwanza kufundishwa kwenda mbele. Akasema mimi ni mgonjwa wa aina adimu, yule anayepona bila dawa na kuanza kutoa dawa kwa wengine.

Nadhani ilikuwa sifa.

Ni kweli watu wananiomba ushauri. Jana nje ya mgahawa nilieleza habari za klachi kwa kundi zima, nami nilishangaa jinsi ninavyojua mengi nikishaanza kusema. Ottokár mwenyewe alisikiliza. Aliguna mara mbili, lakini alisikiliza.

Na leo mchana nimepata heshima kubwa. Jumapili ni gwaride la mavuno, na kikosi chetu cha zimamoto kitalitoa lile gari lao la kale, jekundu, lenye ngazi na kengele, ambalo dereva wake wa siku zote amevunjika mkono. Lina gia nne, na kati yao hakuna inayopatana na mwenzake. Kwenye ngazi watakaa malkia wa mavuno, diwani na mapipa mawili ya mvinyo mpya. Mkuu wa kikosi alikuwa anatafuta mtu. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Akaniuliza kama kweli nazijua gia za zamani. Nilicheka kidogo tu, kama mtu aliyeulizwa kama analijua jina lake.

Etelka bado sijamwambia. Hakuna sababu ya kumwambia. Nimeikagua njia ya gwaride kwa makini, jambo ambalo dereva mzoefu hulifanya mapema. Inaanzia mlangoni pa kanisa, juu kabisa, na kuishia uwanjani kwenye meza za mgahawa. Ni mteremko mtupu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sidhani kama gia zitahitajika hata kidogo.